UZI: Umaskini Tanzania Bara umetoka asilimia 28.2 hadi 26.4. Umeshuka kweli, au kilichobadilika ni kipimo?

#1 Mchumi Uchwara (mleta mada)
Wakuu, salaam. Tujadili hili kwa takwimu, siasa zina jukwaa lake.

Utafiti wa mapato na matumizi ya kaya wa Ofisi ya Taifa ya Takwimu (NBS) wa 2011/12 ulitoa umaskini wa mahitaji ya msingi asilimia 28.2. Ule wa 2017/18 ukatoa 26.4. Katikati hapo uchumi umekua kwa wastani wa zaidi ya asilimia 6 kwa mwaka, lakini umaskini umeshuka pointi 1.8 tu. Na kwa sababu watu wanazaliana, idadi ya maskini imepanda kutoka kama milioni 12 hadi kama milioni 14. Dar ndiyo kituko: ilikuwa kama asilimia 4, ikaruka hadi 8.

Je, tafiti hizi mbili zimepima kitu kimoja?

#2 JembeNaKalamu
Mbona jibu rahisi. Tanzania 26.4, Kenya 36.1. Majirani waje hapa wachukue somo 😂

#3 Mpemba Halisi
#2 taratibu ndugu yangu. Hiyo 26.4 ni ya Bara peke yake, wala si ya Tanzania. Zanzibar ina ofisi yake ya takwimu na utafiti wake: 30.4 mwaka 2014/15, ikaja 25.7 mwaka 2019/20. Miaka haifanani na mstari wa umaskini (kiwango cha matumizi ambacho chini yake mtu anahesabiwa maskini) haufanani, kwa hiyo usizijumlishe ukagawanya kwa mbili.

#4 Pwani_254
Na hiyo 36.1 yetu ni ya 2015/16, JembeNaKalamu. Tangu hapo KNBS, ofisi yetu ya takwimu, wametoa 38.6 ya 2021 na 39.8 ya 2022. Kwa hivyo ukitaka kutucheka, tucheke na namba mpya. Ila kabla hujacheka, jua kwamba Kenya ina mistari miwili. Kwa 2015/16 ilikuwa shilingi 3,252 kwa mwezi vijijini na 5,995 mjini. Nyinyi mna mmoja wa Bara nzima, halafu mnarekebisha bei za maeneo kwa fahirisi. Hizo ni hesabu mbili tofauti.

#5 Mzee wa Sampuli
Mleta mada, kabla ya kuuliza kwa nini imeshuka kidogo, uliza kwanza kama imeshuka.

Sampuli ya 2011/12 ilikuwa kaya 10,186, ya 2017/18 kaya 9,465. Kama kaya zingechaguliwa moja moja kwa bahati nasibu nchi nzima, kosa la sampuli lingekuwa kama 0.45 kwa kila utafiti. Lakini hazichaguliwi hivyo. Unachagua kwanza maeneo ya kuhesabia watu, kisha kaya chache ndani ya kila eneo, na majirani hufanana. Ukichukua kwamba mfanano huo unapandisha mraba wa kosa hilo mara tatu (si jambo la ajabu kwa tafiti za matumizi), kosa linakuwa kama 0.78. Chukua tafiti mbili, weka uhakika wa asilimia 95: mabadiliko yanatakiwa yazidi pointi 2.2 hivi ndipo useme kuna kitu. Sisi tunayo 1.8.

Ukichukua kwamba yanapanda mara mbili tu, kizingiti kinashuka hadi karibu 1.76 na 1.8 inapenya kwa ncha ya ukucha. Kwa maneno mengine, mjadala mzima wa vichwa vya magazeti unategemea namba ambayo wengi hawaiangalii.

#6 Mchumi Uchwara
Shukrani #5. Sasa Dar je? Kutoka 4 hadi 8 nako ni kosa la sampuli?

#7 Dodoso Refu
Kabla hamjakimbilia Dar, kuna jambo kubwa kuliko sampuli: dayari, yaani daftari ambalo kaya inaandika kila siku ilichotumia.

2007 na 2011/12 kaya ilikaa na dayari siku 28. 2017/18 ikawa siku 14, na wadadisi wakahamia kwenye vishikwambi. Dayari ndefu ina ugonjwa wake: wiki ya kwanza watu wanaandika hadi kiberiti, wiki ya tatu wamechoka, ya nne mdadisi anakuta kurasa tupu na anaanza kuuliza "juzi mlikula nini?" Hapo si dayari tena, ni kumbukumbu iliyovaa nguo za dayari. Kwa hiyo kukata hadi siku 14 kunaweza kuongeza matumizi yanayoonekana hata kama hakuna aliyekula zaidi.

Na tunajua ukubwa wa tatizo. Kuanzia 2007 hadi 2008 lilifanyika jaribio hapa hapa Tanzania, wilaya saba, kaya kama 4,000, kaya zikagawiwa kwa bahati nasibu aina nane za dodoso: dayari ya kila mtu, dayari ya kaya, kukumbuka siku 7, kukumbuka siku 14, orodha ndefu ya vyakula, orodha fupi. Nchi ile ile, mwaka ule ule, kiwango cha umaskini kilitofautiana karibu pointi 20 kati ya dodoso lililotoa umaskini mdogo na lililotoa mkubwa. Dayari ya kila mtu ndiyo iliyonasa matumizi mengi kuliko zote, kwa sababu mama anayejaza dayari ya kaya hajui baba amekula nini kijiweni wala mtoto amenunua nini shuleni.

Sasa pima: pointi 20 za dodoso, pointi 1.8 za miaka sita.

#8 JembeNaKalamu
#7 kwa hiyo tufute umaskini kwa kubadilisha dodoso 🤣 Serikali isisome hapa.

#9 Debe Sita
Dodoso Refu umesema kweli ila umeacha vipimo, na huko ndiko kilo zinakopotelea.

Kaya haili kilo. Inakula fungu la dagaa, sado ya maharage, debe la mahindi, mkungu wa ndizi. Mdadisi anaandika "ndizi mkungu 1" halafu ofisini mtu anaweka kilo. Mkungu upi? Wa Bukoba na wa Morogoro si mmoja. Debe la mahindi ni kilo 18 hadi 20 kutegemea ukavu na mkono wa anayepima. Gunia ni debe sita, lakini lumbesa ni gunia lililovishwa kilemba, na mkulima anaita vyote viwili "gunia".

Njia sahihi ni hii: mdadisi aende na mizani sokoni katika kila eneo la sampuli, apime mafungu matatu ya kila chakula kikuu kwa wauzaji watatu tofauti, achukue wastani, na afanye hivyo kila msimu. Fungu la nyanya la Agosti na la Machi lina bei moja, shilingi mia tano, lakini ukubwa tofauti kabisa. Usipopima, umeficha mfumuko wa bei ndani ya fungu.

Halafu chakula cha shambani. Kaya imevuna magunia kumi, imekula manne. Hayo manne unayathamini kwa bei ipi? Bei ya shambani Juni au bei ya dukani Februari? Ukibadilisha hiyo peke yake, mikoa kama Rukwa inahama nafasi. Na Rukwa ndiyo iliyokuwa juu kabisa 2017/18, asilimia 45, mkoa unaolisha wengine mahindi.

#10 Binti Ufipa
#9 asante kwa kuitaja Rukwa. Kila mwaka tunaambiwa ghala la chakula, halafu utafiti unatuambia ni maskini wa kwanza. Mahindi mengi hayana maana kama mafuta ya taa, sabuni, sare na nauli ya hospitali unalipia kwa hayo hayo mahindi yanapokuwa bei ya chini. Mimi sioni kwamba hapo kipimo kimekosea.

#11 Mzee wa Sampuli
Hoja ya Binti Ufipa iko ndani ya mstari wenyewe. Mstari wa 2017/18 ni shilingi 49,320 kwa mtu mzima kwa mwezi. Ndani yake chakula ni 33,748, yaani kikapu cha kalori 2,200 kwa siku kwa vyakula wanavyokula watu wa hali ya chini. Kinachobaki ni 15,572. Gawa kwa siku 30: kama shilingi 519 kwa siku kwa kila kisicho chakula. Anayevuka mstari wa chakula kwa mahindi yake mwenyewe bado anaweza kukwama kwenye hiyo 519.

#12 Kapuku Msomi
Mkuu naomba ufafanuzi, "mtu mzima" maana yake nini? Kaya ya watu sita nazidisha mara sita?

#13 Dodoso Refu
#12 hapana, na hilo ndilo kosa namba moja la wanaofanya hesabu za umaskini kwenye Excel.

Kila mtu ana uzito wake kwa umri na jinsia. Bara tunatumia hivi: miaka 0–2 ni 0.40, 3–4 ni 0.48, 5–6 ni 0.56, 7–8 ni 0.64, 9–10 ni 0.76, 11–12 mvulana 0.80, msichana 0.88, 13–14 wote 1.00, 15–18 mvulana 1.20, msichana 1.00; 19–59 mwanaume 1.00, mwanamke 0.88; 60 na zaidi 0.88 na 0.72.

Mfano. Baba 40, mama 35, kijana 16, binti 9, mtoto 4, kichanga 1:
1.00 + 0.88 + 1.20 + 0.76 + 0.48 + 0.40 = 4.72.

Mstari wa kaya hii ni 49,320 × 4.72, yaani 232,790 kwa mwezi. Ungezidisha kwa sita ungepata 295,920. Kaya inayotumia 260,000 si maskini kwa hesabu ya kwanza, ni maskini kwa ya pili.

Kosa namba mbili: kusahau kuzidisha uzito wa sampuli kwa idadi ya wanakaya. Bila hivyo unapata asilimia ya *kaya* maskini, si ya *watu* maskini, na kwa kuwa kaya maskini huwa kubwa, namba yako itatoka ndogo na utafurahi bure.

#14 Pwani_254
Hebu ona, sisi Kenya kaya hiyo hiyo ya #13 tunaihesabu tofauti. Miaka 0–4 ni 0.24, 5–14 ni 0.65, 15 kwenda juu ni 1, bila kuangalia jinsia. Baba 1, mama 1, kijana 1, binti 0.65, wadogo wawili 0.48. Jumla 4.13. Kwenu 4.72. Watu ni wale wale, sufuria ni ile ile, ila kwetu matumizi yao yanagawanywa kwa watu wachache zaidi. Sasa JembeNaKalamu alinganishe 26.4 na 36.1 vile anataka.

#15 JembeNaKalamu
Nimesalimu amri kwa leo 🙌 ila kijana wa miaka 16 kula 1.20 hapo Bara wamesema kweli tupu. Kenya mmempunja ugali.

#16 Mtaa kwa Mtaa
Turudi Dar, swali la #6. Naona hakuna aliyeligusa.

Utafiti wa 2011/12 ulichota maeneo kutoka fremu (orodha ya maeneo ya kuhesabia watu) ya sensa ya 2002. Ule wa 2017/18 kutoka sensa ya 2012. Fikiria Dar ya 2002: Chanika, Kivule, Mbande, Bunju ya ndani, kulikuwa na mashamba na vibanda vichache. Kufikia 2011 kumejaa watu, na wengi wao ni wale walioshindwa kodi za katikati au waliotoka mikoani. Fremu ya zamani inawapa uzito mdogo kwa sababu haiwaoni. Ukibadilisha fremu, Dar "inapata" maskini ambao walikuwepo tayari. Kwa hiyo 4 ilikuwa ndogo mno. Siamini kwamba 8 imepanda kwa kasi inayosemwa.

#17 Mama wa Takwimu
#16 nusu nakubali. Lakini hoja yako ingetosha kama mikoa mingine yenye miji inayotanuka ingeonyesha vivyo hivyo. Mijini kwingine umaskini ulishuka kipindi hicho hicho, na Mwanza na Arusha nazo zimetanuka. Mimi nalaumu zaidi bei. Kulinganisha Dar na kijiji unatumia fahirisi ya bei za maeneo, na fahirisi hiyo hutengenezwa zaidi na bei za vyakula zilizopatikana kwenye dayari zenyewe. Kodi ya nyumba na nauli, vitu vinavyommaliza mtu wa Dar, haviingii sawasawa. Fahirisi ikihama kidogo kati ya tafiti mbili, mji wenye watu wengi karibu na mstari unaruka.

Na pia tusikatae kwamba maisha ya Dar yaliweza kuwa magumu kweli. Si lazima kila namba mbaya iwe kosa la kipimo.

#18 Mzee wa Sampuli
#17 hapo mwisho umesema. Ila ongezeni kwamba 2011/12 sampuli ilipangwa kwa Dar, miji mingine na vijijini. 2017/18 ikapangwa ili kila mkoa wa Bara upate namba yake. Mpangilio ukibadilika, upana wa kosa kwa Dar nao unabadilika.

#19 Mfuatiliaji
Mnapoteza muda na tafiti zinazopiga picha watu tofauti kila mara. 28.2 na 26.4 haziwezi kukwambia nani ametoka na nani ameingia. Inawezekana robo nzima ni watu wapya. Kwa hilo unahitaji kufuata kaya zile zile.

Tunao ule wa NBS ulioanza 2008/09 na kaya 3,265, ukarudi 2010/11, 2012/13 na kuendelea. Na kabla yake Kagera: kaya 915 zilizohojiwa 1991 hadi 1994, zikatafutwa tena 2004 na 2010. Siri ya Kagera ni kwamba walimfuata *mtu*, hawakufuata nyumba. Kijana ameolewa Geita, wamemfuata Geita. Amehamia Dar, Dar. 2004 waliwapata watu kutoka asilimia 93 ya kaya za mwanzo, na kaya 915 zikawa zaidi ya 2,700. Matokeo yake: kuhama kuliongeza ukuaji wa matumizi kwa pointi 36 juu ya wale waliobaki. Timu ingerudi kwenye nyumba zile zile tu, ingehitimisha kwamba watu wa Kagera wamepanda kidogo kuliko ukweli, kwa sababu waliopanda hawapo tena pale mlangoni.

#20 Dodoso Refu
#19 safi, ila kufuata kaya nako kuna mtego. Chukua kaya ya #13, mstari 232,790, matumizi halisi 240,000 miaka yote miwili. Kosa la kawaida la asilimia 10 tu likienda chini mwaka wa kwanza utaandika 216,000: maskini. Mwaka wa pili likienda juu: 264,000: ametoka umaskini. Hakuna kilichotokea. Kwa hiyo ripoti zinazosema "theluthi ya maskini wamejikwamua" nyingine ni kelele za dodoso. Dawa ni kuhoji kila kaya zaidi ya mara moja ndani ya mwaka, misimu tofauti, na kuchukua wastani kabla ya kuita mtu maskini.

#21 Kapuku Msomi
Kwa nini tusihesabu vitu basi? Bati, simu, baiskeli, sakafu. Havisahauliki kama dagaa.

#22 Mama wa Takwimu
#21 vinatumika sana, ila angalia mambo mawili. Kwanza, makundi matano ya utajiri ya tafiti za afya na idadi ya watu: kundi la chini *siku zote* ni asilimia 20, ndivyo lilivyotengenezwa. Kuna watu wanaandika tasnifu wakishangaa halipungui. Ukitaka kuona mabadiliko, unganisha data za miaka yote, kokotoa uzito wa kila kitu mara moja kwa data iliyounganishwa, kisha gawa kwa mwaka. Pili, simu. Mwaka 2004 simu ilitenganisha tajiri na maskini. Leo haitenganishi mtu.

Kipimo cha umaskini wa nyanja nyingi kina shida kama hiyo. Viashiria 10, kila kimoja na uzito wake, na ukikosa theluthi ya uzito wote unahesabiwa maskini. Nishati ya kupikia ina 1/18, na mkaa unahesabiwa kukosa. Nusu ya wanaosoma uzi huu wamekosa hiyo.

#23 Mkaa na Gesi
#22 gesi ipo, ya chai tu. Maharage yanajua mkaa 😅

#24 Kijiji Hoja
Hapo kwenye bati ndipo TASAF, mfuko wa serikali unaozipa kaya maskini fedha, inapogombanisha watu. Mkutano wa kijiji unataja kaya, kisha dodoso la vitu linakata baadhi. Bibi anayeishi kwenye nyumba ya bati aliyojengewa na mwanawe marehemu anaonekana ana hali nzuri, jirani mwenye ng'ombe anaowaficha kwa shemeji anapita.

#25 Mfuatiliaji
#24 ni kweli, lakini mkutano nao una shemeji zake. Na jambo jingine kuhusu TASAF: ukimpa fedha mtu aliye 30,000 akafika 40,000, asilimia ya umaskini haitikisiki hata kidogo, maana bado yuko chini ya 49,320. Kinachosogea ni pengo la umaskini, yaani umbali wa maskini kutoka kwenye mstari. Aliye 49,000 akipata mia nne anahesabiwa amejikwamua. Anayetathmini mradi kwa asilimia peke yake anaadhibu mradi uliofika kwa wa chini kabisa.

#26 Kigali Mjini
Nimesoma kimya. Rwanda tulikuwa na mzozo kama huu: 44.9 ya 2010/11 ikashuka hadi 39.1 ya 2013/14, lakini kikapu cha chakula cha kutengenezea mstari kilibadilishwa katikati. Wachambuzi wa nje wakasema kwa kikapu cha zamani umaskini ulipanda. Ofisi ya takwimu ikakataa. Hadi leo kila upande una grafu yake.

#27 Mchumi Uchwara
#26 ndiyo maana naogopa grafu. Nimeona moja imeunganisha 33.6 (2007) na 28.2 (2011/12) kwa mstari mmoja.

#28 Mzee wa Sampuli
#27 hiyo ni makosa. Mbinu ilipobadilishwa 2011/12, 2007 ilikokotolewa upya ikawa 34.4. Umaskini wa chakula wa 2007 ndio uliohama zaidi, kutoka 16.6 hadi 11.8. Usichanganye safu hizo mbili.

#29 JembeNaKalamu
Na ile ya Benki ya Dunia ya asilimia 49 inatoka wapi? Mara 26, mara 49.

#30 Mama wa Takwimu
#29 kaya ni zile zile za 2017/18, mstari ndio mwingine: dola 1.90 kwa siku kwa kila kichwa, mtoto na mkubwa sawa, kwa bei zilizolinganishwa za 2011. Mwaka 2022 wakahamia 2.15, Juni 2025 wakahamia 3.00. Kila wakihama namba zote za nyuma zinakokotolewa upya. Mwandishi akichukua ya zamani kutoka ripoti moja na mpya kutoka nyingine, ameunda mabadiliko ambayo hayapo.

#31 Kijiji Hoja
Naomba la vitendo. Asasi yetu inataka kupima kaya 300 mwaka huu na tena baada ya miaka mitatu. Tufanyeje kwa bajeti ndogo?

#32 Debe Sita
#31 mwezi ule ule mara zote mbili, usihoji Juni halafu Februari. Dodoso lile lile neno kwa neno, hata swali baya libaki. Orodha ndefu ya vyakula, kukumbuka siku 7. Vinavyoliwa nje ya nyumba muulize kila mtu mzima mwenyewe. Chukua namba tatu za simu: ya mkuu wa kaya, ya ndugu wa nje ya kijiji, ya jirani. Tenga fedha ya kuwafuata waliohama, na hiyo ndiyo wafadhili hukata kwanza. Mizani ya saa ya kilo 25 inatosha.

#33 Dodoso Refu
#32 nakubali yote isipokuwa "swali baya libaki". Liulize la zamani, kisha liulize jipya chini yake kwa nusu ya kaya, upate daraja la kulinganisha.

#34 Debe Sita
#33 dodoso likifika kurasa 40 mhojiwa anaanza kusema "hatuli" kwa kila chakula ili umalize. Nani atalipima hilo?

#35 Dodoso Refu
#34 ndiyo maana nimesema nusu ya kaya.

#36 Binti Ufipa
Na debe la Sumbawanga mlipime lenyewe, msije na la Kariakoo.